Asili ya Neno Nesi

Mwenzangu, uko? Usinipigie, sitaweza kuongea. Nimejifungia stoo ya mashuka hapa kazini.

Leo tuna semina, manesi wote wa wodi yetu. Mkufunzi ni mgeni, mama mmoja mchangamfu kweli. Akauliza nani anajua neno nesi limetoka wapi. Akasema Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, na huko mwanzo kabisa maana yake ilikuwa mwanamke anayenyonyesha.

Anayenyonyesha! Watu wakacheka, mmoja akasema basi humu ndani sote ni manesi feki. Hata mimi nilicheka.

Kumbe kifua kimesikia. Maziwa yakashuka palepale, sare ikalowa mbele, huku na huku. Na mimi nilidhani yalishakauka tangu tulipomzika binti yetu!

Mkufunzi akaniona. Akapiga makofi kabisa: "Nesi wa kweli huyu hapa! Hongera, mama. Mtoto anaitwa nani?"

Mtoto anaitwa nani. Wenzangu wote wanajua alizaliwa hana uhai. Ni yeye tu asiyejua.

Nikamjibu! Nimemtajia lile jina tulilochagua mimi na wewe, kwa sauti, mbele ya watu. Akatabasamu, akasema, "Jina zuri."

Tangu msiba, kila mtu amenipa pole. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza anaitwa nani.