Eirin Amesema Langoni

Mama Eirin,

Sikutaka kukuamsha baada ya zamu, na feri inaondoka sasa hivi. Supu ya samaki iko kwenye friji, ipashe tu. Buti za Eirin za jana bado zimelowa, ziweke karibu na hita. ~~Kamchukue saa nane.~~ Hapana, mwache hadi saa tisa.

Unajua wiki tatu nzima hajatamka hata neno moja kule chekechea, hata mwalimu Gudveig akatuuliza kama nyumbani anaongea. Leo langoni tumemkuta mtoto mgeni, Aslak, amemng'ang'ania baba yake mguuni, analia mpaka anapaliwa. Nikawaza, haya, na wangu sasa ataanza. Wapi! Eirin akaniachia mkono, akamwendea, akavua glavu yake moja akamvisha, kombo kabisa, dole gumba nje. Kisha akamwambia, "Usilie. Tunakula, tunalala, baba anakuja."

Mbele ya watu! Gudveig akaziba mdomo kwa mkono. Aslak akanyamaza, wakaingia ndani wameshikana mikono. Mimi hata kwaheri sikupewa. Iliniuma kidogo, sikufichi, na nililia garini. Cheka tu.

Miaka miwili na nusu! Sisi tulidhani anaogopa, kumbe wiki zote zile alikuwa anasikiliza, mpaka akapatikana mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo mwache acheze na rafiki yake. Na ukifika usimwite haraka. Simama kwanza nje ya uzio umsikilize anavyoongea.

Baba Eirin