Taa ya Baba Inapofifia

Makoko, Musoma

Mjukuu wangu Nyangeta,

Sisi huku hatujambo. Mama yako ameanika dagaa tangu asubuhi, na babu yako goti limetulia, kwa hiyo ubishi umeanza upya. Umeuliza wataalamu wanajuaje kuna sayari zinazozunguka nyota za mbali, wakati hawazioni. Mwalimu amewaambia nyota hufifia kidogo sayari inapopita mbele yake, nawe hujaamini.

Mimi naamini, maana nimeshaona.

Miaka ile ya utoto wangu mafuta ya taa yalikuwaga ya shida. Baba yangu alienda ziwani na karabai moja, kwenye mtumbwi unaovuja. Jioni moja nikiwa ufukweni na mama, nikaona taa yake kule mbali inafifia, inawaka, inafifia tena. Nikalia, "Mama, mafuta yamemwishia!"

Mama akacheka. "Hayajaisha. Baba yako anachota maji mtumbwini, kila akiinama anaiziba taa. Ikiacha kufifia ndo nitaogopa."

Nikaanza kuhesabu. Baba simwoni, lakini najua yupo, najua anafanya nini, hata najua atainama lini tena.

Kumbe kuna watu wanaikodolea nyota macho namna hiyo hiyo, mwaka baada ya mwaka, wanahesabu tu! Nimewastaajabia sana. Mama yangu angewaelewa. Angewapelekea uji, kisha angekaa nao kusubiri taa ififie.

Bibi yako