Kipande cha Tai ya Jirani

Bondeni, Mombasa

Mwanangu Mahira,

Assalaam aleikum. Shangazi yako nimerudi salama, na babako hajambo. Kila nikitoka mlangoni wanawake wa mtaa wanataka habari za Ujerumani. Nawaeleza lile kanisa kubwa la Cologne, wao wanataka ile sherehe. Nimewaambia Wajerumani nao huvunja jungu kabla ya mfungo wao, na siku hiyo mwanamke ana ruhusa ya kumkatia mwanamume tai. Hawakuamini mpaka nilipowaonyesha kipande nilichomkatia jirani yako, Lukas.

Jirani! Mwanangu, mimi si mtoto. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kisha akaingia jikoni akatoa sukari bila kuuliza iko wapi. Na nilipomkatia tai, aliyeona haya ni wewe.

Najua unamwogopa babako. Mwachie mimi, huyo ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni.

Mwambie Lukas kipande chake nimekitia sandukuni, pamoja na kanga zangu za harusi. Kwa posta sikileti. Aje akifuate mwenyewe, na wazee wake.

Shangazi yako akupendaye,
Fadhiya