Seva Iliyogoma Kuamka Dukani

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, na zikikuelemea umpunguzie shemeji, kama yuko macho. Magoti yako yanasemaje? Yangu yanalia kila nikiinuka, ila bado yananibeba. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe husikii, unaitikia “eee” hata ukiulizwa nani kafa.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako, yule aliyeishia darasa la nne baada ya mwalimu kumchoka, sasa ni fundi wa seva. Ilikufa Jumatatu, nikaifufua kwa mikono yangu hii, na mafundi wa mtaa mzima wakaja kunipa heko.

Haya, najua umeshaanza kucheka. Ni uongo. Seva imelala mpaka leo, na aliyekuja dukani ni muuza magazeti tu, naye alikuwa anakimbia mvua.

Nikueleze vizuri, maana wewe kompyuta yako umeifunika kitambaa kama kabati. Tangu wifi yako atutoke, duka la spea za cherehani limenishinda. Yeye ndiye aliyejua kila skrubu ilikolala. Kazi yangu ilikuwa kupiga soga na wateja. Ndipo mwanao, huyu binti yangu wa ng’ambo, alipokuja likizo akaingiza kila kitu kwenye kompyuta: sindano ziko rafu gani, mikanda droo ipi. Nikiandika jina la spea, mashine inanielekeza. Anasema ghala la habari hizo linaitwa hifadhidata, na bawabu wake ni seva, naye hakai mbali, yumo humo humo ndani ya kompyuta yangu.

Sasa Jumatatu nafungua, naambiwa imeshindikana kuunganishwa na seva. Nikacheka. Mtu anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na hafunguliwi! Halafu kicheko kikanikauka, maana hayo ndiyo yangu ya kila jioni. Nafika mlangoni, mdomo unasema hodi kwa mazoea, kisha napapasa funguo mfukoni.

Nikamtafuta binti, tukaonana kwa video kwenye kompyuta hiyo hiyo. Akaniambia nitazame kama seva inafanya kazi; ilikuwa imezimika. Akaniambia niiwashe, ikaamka, ikazimika tena. Tukaizima kompyuta nzima na kuiwasha, yale yale. Akauliza kama nimebadilisha nywila, nikamuuliza ningekuwa namficha nani, panya? Hakucheka. Mwishowe akanionyesha pa kutazama nafasi ya diski, na hapo pakawa pekundu pyu. Akasema diski imejaa mpaka kooni. Seva ikiamka inataka pa kuandikia, haipati hata pa kuweka unyayo, inarudi kulala. Akashangaa, kwani orodha ya skrubu haiwezi kujaza diski. Nimeweka nini humo? Nikajibu ni picha za cherehani. Akashusha pumzi kama alivyokuwa akishusha mama yake nikirudi na hadithi, kisha akasema nizifute kabla ya Jumamosi. Nisipozifuta, atalihamishia ghala lote kwenye mashine za huko kwake, ambako haliharibiki ovyo, na mimi sitakuwa na haja ya kuhangaika kumpigia tena.

Hapo nikamuaga haraka, mimi ambaye kuaga hunichukua saa nzima.

Wateja wanaanza kunikimbia. Fundi nguo wa pale kona alikuja kutafuta springi, nikapekua droo hadi miwani ikaanguka humo ndani. Akaniambia marehemu angempa kabla hajamaliza kusalimia. Kasema kweli, mshenzi yule.

Sasa nikuambie, na usimsomee shemeji hapa. Zile si picha za cherehani. Mwanao namwona kitu kikiharibika tu. Kikipona ana kazi, ana watoto, simlaumu. Basi mpiga picha jirani yangu alinifundisha kurekodi video, na kila binti alipokuja kwenye kioo cha kompyuta kunisaidia nilimrekodi. Yumo anapiga miayo. Yumo anamkaripia mwanawe avae soksi. Yumo ananiambia bonyeza kulia, baba, kulia, huko ni kushoto. Nikikaa kula nafungua moja, tunakula wote. Tena, Chiriku, zile hitilafu za nyuma nyingi niliizima seva mwenyewe ili aje. Ila hii ya Jumatatu naapa sikuigusa. Ni yeye mwenyewe, kwa video zake, kaijaza diski.

Nimeweka kidole penye kufuta. Nimekitoa. Nimekiweka tena.

Nisalimie watoto wote wa hapo kwako, hata yule aliyeniita babu mnoko.

Na sasa nakuomba haki yangu. Unakumbuka redio ya baba? Uliyeidondosha ni wewe, aliyechapwa ni mimi, na sijawahi kukudai neno. Leo nadai. Kabla ya Jumamosi mpigie mwanao. Msengenyeni shemeji mpaka mridhike, halafu umwambie, kama vile ni wazo lako, awe anampigia baba yake hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Akinipigia hivyo mara moja tu, nitazifuta zote.

Ni mimi,
Kaka yako