Namba ya Kisigino Changu

Atupele mpwa wangu, ugonile! Huku Tukuyu mvua hailali, na mimi nimelazwa. Nilikuwa nashusha mikungu minne ya ndizi peke yangu, kano ya kisigino ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, mbuzi wakatawanyika.

Daktari akasema nisimame kwa vidole vya mguu huo. Mimi nikasimamia ule mzima, nisionekane mnyonge. Akaandika "kano nzima". Sasa bima hawalipii upasuaji!

"Baba, daktari asipoandika imekatika, namba ya ugonjwa haiingii kwenye kompyuta," karani wa hospitali ananiambia.

"Kwa hiyo nichechemee mpaka Yesu arudi?"

Leo nimesimamia ule mbovu, nikaanguka kama gunia mbele ya wauguzi. Daktari kaandika imekatika, namba imeingia, kesho napasuliwa. Niombeeni. Mama yako mwambie nilianguka kishujaa.

Mjomba wako, Ambakisye