Nyenje Walioshiba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na wanangu wote. Sisi hatujambo. Mwanao ameota meno, ananing'ata bila huruma.

Kazi uliyonitafutia hapa wanapofuga nyenje naipenda. Mwanzoni nikifungua masanduku nilikuwa naruka kuliko nyenje wenyewe, majirani wakanicheka mpaka basi. Sasa haohao ndio wanaoulizia unga wetu wa nyenje wa kuchanganya kwenye uji. Wanasema una nguvu kama nyama na bei yake haiumi. Mwanao anaramba hadi bakuli.

Lakini dada, tuna utaratibu. Siku ya kuamkia mavuno nyenje hawapewi chakula, ili matumbo yawe safi kabla hawajakaushwa na kusagwa. Mlishaji wetu, mzee tunayemwita Babu Cheko, hufunika masanduku na kuondoka upesi. Mavuno yaliyopita nilibaki nafagia, nikawasikia wanakwaruza mle ndani. Nikamkumbuka mwanangu alivyolia siku zile maziwa yangu hayajatoka. Nikawatupia majani ya kabichi. Nikajiona nimetenda wema.

Unga ukatoka mchungu, una kama mchanga. Mama mmoja akaurudisha, akasema mtoto ametema uji wote, na kama wadudu ndio hawa, yeye anarudi kwenye nyama yake. Wengine wakamfuata. Msimamizi akawaka, akauliza nani aliwalisha. Babu Cheko akaapa si yeye. Nani amwamini, na kulisha ni kazi yake? Akaambiwa asirudi tena.

Nami nilikuwa pale pale na ufagio wangu, nikaendelea kufagia. Babu Cheko alipopita akitoka, akaniambia nimsalimie mtoto.

Ni mimi, dada. Nakuandikia mapema kwa sababu wewe ndiye uliyenidhamini, na aibu hii itakufika. Leo nilikwenda nyumbani kwa mzee nikamwambia ukweli. Akauliza kama nyenje walikula. Nikasema walimaliza yote. Akasema miaka yote anaondoka upesi kwa sababu hata yeye hawezi kuwasikiliza. Akanikataza nisiseme kitu, eti nina mtoto mchanga.

Ndiyo maana kesho naingia kwa msimamizi kukiri, mzee arudishwe kazini. Huenda wakaniacha hata nifagie tu. Wakinifukuza, utaniona mlangoni na mtoto mgongoni, na utanigombeza baada ya kumpokea.

Nisalimie shemeji, wanangu uwabusu.

Mdogo wako akupendaye.