Pinda Usukani Kabla ya Kufunga Waya

Baba Ndinda,

Chai iko kwenye thamosi. Kabla hujaigusa, fungua kiti cha skuta utoe ile waya ya kuchaji simu uliyofunga jana.

Nilikuambia uilegeze pale kwenye usukani. Ukanijibu, "Wakili wa vitabu vya mtumba, waachie mafundi kazi." Haya. Leo nimekata kona moja tu, waya ikavutika ikakatika, na simu ya kamati ya mtaa ikazima wakili wetu akiniambia korti itaamua saa tatu kama tubomolewe. Na stima imepotea tangu juzi, unajua.

Simu hii hapa. Unga waya, uipitishe chini ya mkeka wa miguu, mbali na ekzosi. Pinda usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, ndipo ufunge.

~~Ukimaliza kaa hapo nyumbani, umezoea.~~ Ukimaliza, washa skuta simu ipate chaji, umngoje wakili. Akisema korti imekataza kubomoa, njoo mbio na simu ikiwa hewani, mkubwa wa askari amsikie mwenyewe.

Mwaka wa themanini na tisa walibomoa kwa mamangu korti ikiwa imeshakataza, kwa sababu karatasi ilikuwa bado njiani. Sijasahau aliyeniambia siku hiyo nitulie. Leo naenda kusimama mbele ya tingatinga, mlangoni kwa jirani yetu Khavere, na sitoki mpaka nisikie hiyo skuta.

Chai usiinywe bado. Nimepika ya watu wawili.

Mama Ndinda